Jembe Kwenye Mchanga wa Oili

Mwanangu Mwanaidi,

Jembe likiingia kwenye mchanga uliokandwa kwa oili chafu halilii kama jembe la shambani. Linatoa sauti ya mtu anayemeza kitu kigumu, na likivutwa, mchanga hulishika kidogo kabla ya kuliachia. Jumamosi nilikuwa nimejilaza chumbani, dirisha la uani liko wazi, nikaisikia sauti hiyo. Mara ya kwanza nilidhani Mama Sikujua anachimba shimo la taka. Mara ya pili nikajua kinachochimbwa ni nini. Mara ya tatu nikajua anayechimba ni nani, kwa sababu wewe ukiinua kitu kizito hushusha pumzi kwa pua, tangu ulipokuwa mdogo ukibeba ndoo.

Sikutoka. Nilibaki kitandani nikitazama boriti, nikakusikiliza mpaka ukamaliza.

Sauti hiyo haijanitoka. Ninayo kwenye foleni ya sabuni, ninayo nikichambua mchele. Ndiyo maana nakuandikia leo mchana, wewe ukiwa Temeke kumuaga bibi yako, mdogo wa marehemu mama yangu, na kesho ni treni yako. Nilitaka hasira zipungue kwanza. Hazikupungua, na treni haingoji.

Sitakuambia habari za chandarua wala za kufuli la sanduku. Hayo bibi yako anakuambia sasa hivi, na atayarudia mpaka mlangoni. Wala sitakuambia usome kwa bidii. Hawakukuchagua kwenda sekondari ya bweni huko Dodoma kwa uvivu wako. Nataka kuongea habari ya ule mchanga tu. Umechimba kitu ambacho nusu yake hukukijua.

Babu yako unamjua kama fundi viatu aliyekaa kwenye baraza ya nyumba hii hii tunayopanga, Mtaa wa Mchikichi. Hukuambiwa kwamba viatu vilikuwa kazi yake ya wanyonge, na kazi yake ya ulaji ilikuwa fimbo za gofu za Wazungu. Mipini ya fimbo zile ilizungushiwa ngozi, na ngozi ikichakaa kwa jasho la mikono, ililetwa kwake aizungushie mpya. Akimaliza, anazifunga kwenye kanga ya marehemu mama yangu ili watu wasiulize maswali, ananitwika. Nilikuwa mdogo kuliko wewe sasa. Nakatisha Mnazi Mmoja, nakwenda mpaka klabu, karibu na bahari, nazikabidhi mlango wa jikoni. "Usizubae," aliniambia kila mara. Nami kila mara nilizubaa.

Pale ndipo nilipoona mchanga. Ulaya, nilikuja kujua baadaye, sehemu yenye shimo huwa nyasi fupi kama zulia. Hapa kwetu maji yalikuwa tabu na jua halina huruma, kwa hiyo kuzunguka shimo waliweka mchanga laini uliokandwa kwa oili chafu ya magari, ukashindiliwa ukawa mweusi na mgumu kama sakafu. Tuliuita brauni. Mchezaji akifika hapo, nyayo za waliomtangulia zimejaa kila mahali. Basi huchukua gunia lililopigiliwa kwenye ubao, akalivuta kutoka kwenye mpira wake mpaka shimoni, akajitengenezea njia. Ndipo asukume mpira.

Siku moja nilimwona mama mmoja wa Kizungu, mnene, uso mwekundu, akilivuta gunia lake peke yake. Alilivuta polepole, kama anayetandika kitanda cha mgonjwa. Kisha akausukuma mpira, ukaingia. Hakupiga kelele, hakumtazama mtu. Hakuna aliyemuuliza mume wake yuko wapi. Hakuna aliyemuuliza chakula nyumbani nani anapika. Kwa muda ule hakuwa mke wala mama wa mtu yeyote. Mwanaidi, mimi sikuupenda mchezo kwanza. Nilikipenda kimya kile.

Babu yako alinikatia fimbo iliyovunjika akanipimia kwa urefu wangu. Nilipiga mipira iliyochubuka kule bonde la Jangwani kabla mvua hazijalijaza maji, na wavulana waliokuja kucheza kandanda waliniita mchunga mbuzi asiye na mbuzi. Nikamaliza kidato cha nne. Nikajifunza kupiga chapa, nikapata kazi kwenye shirika la umma, nikakupata wewe. Baba yako akaenda zake Mtwara, akaoa, na huko aliko namtakia afya na umbali. Kidato cha sita nilikisomea jioni, wewe ukiwa mgongoni. Miaka ile klabu ilikwisha kuambiwa ifungue milango kwa wananchi, na mashirika yakawalipia wafanyakazi wao uanachama. Milango ilifunguliwa kweli. Ila kila mlango ulikuwa na mtu wa kukuuliza umekuja kumtafuta nani.

Nilichoka kuulizwa. Nikatengeneza brauni yangu uani. Mchanga niliubeba kutoka bonde la Msimbazi, oili chafu niliiomba gereji za Gerezani, nikakanda kwa miguu jioni baada ya jioni, mpaka soli za miguu zikawa nyeusi kama za bata. Mzee Salehe mwenye nyumba alisema mradi sichimbi choo. Mama Sikujua alisema zaidi.

"Wenzio wanakanda unga," aliwaambia wapangaji wote kwa sauti ya kunifikia, "mwenzetu anakanda mchanga. Tusubiri tuone utaiva lini."

Wewe ulijifunza kutembea pembezoni mwa mchanga ule. Ulipokuwa na miaka mitatu nilikuwa nakukalisha juu ya gunia, nakuvuta, na uzito wako ulilainisha njia kuliko jiwe lolote. Ulikuwa unacheka mpaka unapata kwikwi. Ulipokua, ukawa wewe unayevuta. Sikukuuliza kama unataka. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini nakuta umekwisha kuvuta, brauni inang'aa, nikadhani hiyo ni furaha yako. Labda ilikuwa furaha. Labda ulikuwa umechoka na hukuwa na mtu wa kumwambia. Sitajifanya najua.

Sasa habari ya Zambia, ambayo umeisikia kwa midomo ya watu.

Ulikuwa darasa la kwanza. Nilikuwa nimewashinda wanawake wote wa hapa, na timu ikapelekwa kucheza kwenye miji ya machimbo ya shaba. Nilivaa blauzi yenye bendera kifuani. Kule shimo limezungukwa na nyasi, nyasi za kweli, fupi, zenye umande. Siku tatu za mazoezi nilijifunza kwamba mpira juu ya nyasi haunyooki kama juu ya mchanga. Unafuata mteremko, unapinda, una hiari yake. Nilijifunza haraka. Siku ya mwisho, shimo la mwisho, nilihitaji kusukuma mpira hatua mbili tu nishinde. Nikachuchumaa kutazama njia. Palikuwa na vijani viwili vitatu vilivyokatwa. Mkono wangu wa kulia ukanyooka wenyewe ukafagia zile nyasi na kuzikandamiza, kutoka kwenye mpira mpaka kwenye shimo, kama unavyovuta gunia wewe. Nikasimama, nikasukuma, mpira ukaingia.

Walipiga makofi watu wachache. Kisha makofi yakakatika.

Mwamuzi alikuwa mzee wa Kizambia, kofia yake ameishika mkononi. Akaniuliza kwa upole nimefanya nini.

"Nimefagia," nikasema.

"Umefagia nyasi?"

Kwenye mchanga, asiyefagia ndiye mjinga. Kwenye nyasi, kanuni inasema okota uchafu ukipenda, ila usiikandamize njia ya mpira wako. Ukiikandamiza, umeongezewa mapigo mawili. Nilikuwa naijua kanuni hiyo. Ningeweza kukutajia ukurasa. Lakini mkono haukusoma kitabu; mkono ulikulia Mchikichi. Mapigo mawili, na nikashindwa kwa pigo moja.

Sikumchukia yule mzee, na wewe usimchukie. Kanuni ilikuwa wazi na aliifuata akiwa na huzuni kuliko mimi. Wala sijutii mkono wangu. Nikikumbuka siku ile mwili haunisisimki hata kidogo. Kinachonifanya nisilale ni kilichofuata hapa nyumbani.

Shirika liliitisha mkutano wa wafanyakazi. Kiongozi wa msafara wetu akasema, "Ndugu Zena ana neno." Sikuwa na neno. Nikasimama nikasema, "Ndugu mwenyekiti, naomba radhi kwa kulitia taifa aibu." Mtu mmoja wa nyuma, dereva, akauliza, "Na fagio ulilibebea wapi, dada, kwenye mkoba?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Hapo, Mwanaidi. Ukitaka kujua mama yako aliteleza wapi, aliteleza hapo. Nilicheka nao ili wanipende. Nilicheka na machozi, nikajipiga paja kama mtu anayesikia mzaha mzuri. Tangu siku hiyo kila mtu kazini alijiona ana ruhusa. "Zena, njoo ufagie meza hii." "Zena, huyu mgeni wa mkurugenzi, mfagilie njia." Nikicheka wanaona nimekubali; nisipocheka wanaona nina kiburi, kwa sababu jana yake nilicheka. Kicheko kile nilikitoa mara moja tu na nimekilipia miaka.

Nikaacha kazi. Watu wanadhani niliacha kwa ajili ya gofu. Niliacha kwa sababu ya kicheko, na gofu ndiyo kitu kingine pekee nilichokijua. Mwalimu wa klabu, Mwingereza, alikuwa ameondoka, na wake za watu wa ubalozi walitaka wa kuwafundisha. Nikajitangaza mchezaji wa kulipwa. Ulikuwa uamuzi usiorudi nyuma: ukishakuwa wa kulipwa huwezi tena kuvaa bendera pamoja na wachezaji wa ridhaa. Ile blauzi niliikata nikakushonea mfuko wa daftari. Nimerudi Zambia kucheza mara kadhaa tangu hapo, mwanamke mweusi peke yangu kati ya Wazungu waliokuja na magari yao, mimi nikishuka kwenye treni ya siku mbili na fimbo ndani ya kanga. Sijashinda. Nimekuwa wa tatu, nimekuwa wa sita. Radio unayoipenda ni zawadi ya nafasi ya tatu. Viatu vya shule ni vya nafasi ya sita.

Na hapa nyumbani nimeitwa kupe, nimeitwa bwanyenye wa chumba kimoja. Wameona wapi bwanyenye anayepanga foleni ya sukari? Kwenye klabu naingilia mlango ule ule wa jikoni niliokuwa nikimpelekea babu yako kazi zake, ingawa siku hizi aliyekaa mlango wa mbele ni mweusi kama mimi. Huyo namchukia kuliko Wazungu wote. Nakuambia ukweli.

Basi tufike kwenye lori, maana najua ndipo wewe ulipoanzia.

Ilikuwa Alhamisi, wakati wa ule msako wa watu wasio na kazi. Nilikuwa natoka klabu, nimefika kona ya Msimbazi, mgambo akanisimamisha.

"Kitambulisho cha kazi, ndugu."

"Sina. Sijaajiriwa na mtu."

"Unafanya kazi gani?"

"Nacheza gofu."

"Nimeuliza kazi, sijauliza mchezo."

"Ndiyo kazi yenyewe. Mchezaji wa kulipwa."

Akawageukia watu. "Jamani mnamsikia dada yenu? Analipwa kwa kucheza! Mimi nacheza bao kila Jumapili, mshahara wangu nikaudai wapi?"

Watu wakacheka. Muuza kahawa akadakia, "Mpelekeni kijijini, akayapige mahindi kwa fimbo hizo!" Wakacheka zaidi. Mgambo akafungua kanga, akainua fimbo moja akaizungusha kama anayechunga ng'ombe, halafu akanitazama na tabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananipa nafasi. Nilijua kabisa anachongoja: nicheke. Ningecheka kidogo tu, ningesema "Kaka nawe una vituko," angenipigapiga bega akaniachia.

Sikucheka.

Tabasamu lake likazimika. "Panda," akasema.

Nikapanda lori, nikakaa na mabinti wa vilabuni, na vijana waliouza karanga, na mzee mmoja kipofu. Fimbo mapajani ziko wazi, kanga kwapani. Ndipo nikakuona. Ulikuwa mbele ya duka la vitenge na wenzako wawili wa shule. Macho yetu yalikutana, na usikatae, yalikutana. Kisha ukawageukia wenzako ukawauliza jambo, ukanyoosha mkono upande wa sokoni, kama mgeni anayeuliza njia. Mtoto aliyezaliwa Kariakoo anauliza njia ya kwenda sokoni.

Nilidhani hicho ndicho kitu kichungu kuliko vyote ulichoweza kunifanyia. Sikujua habari ya jembe.

Aliyenitoa ni mjomba wako Shabani. Alikuja kituoni na suti yake ya kaunda na sauti ya ofisi ya utumishi. "Huyu ni mpiga chapa wangu, ndugu zangu. Alikuwa likizo. Kuna makosa." Wakaniachia, maana hakuna anayembishia kaka yangu akishatamka neno utumishi. Jioni ile alikuja hapa akakalia kiti chetu, mimi nikakaa kitandani.

"Zena, leo nimesema uongo mbele ya vyombo vya dola kwa ajili yako," akasema. "Sasa uongo huo lazima uwe kweli. Kiti kipo, mashine ipo, Jumatatu unaanza."

"Na kazi yangu, kaka?"

"Kazi gani? Hizo fimbo uza, pikia, vyovyote. Unajua huko ofisini wanakuitaje? Hawasemi mchezaji wa kulipwa. Wanasema mwanamke wa kulipwa. Nami ndiye ndugu yako. Nakula chakula cha mchana na watu hao!"

Hapo ukaingia na chai. Akakuuliza wewe, kama kwamba wazee wa chumba hiki ni yeye na wewe. "Eti, mpwa wangu? Unasemaje?"

Ukaweka sinia chini taratibu. Hukunitazama. "Mama akae kwenye kiti," ukasema. Halafu ukiwa mlangoni ukaongeza, "Sitaki wafike huko shuleni waniulize mama yangu alifanya nini kwenye lori."

Mjomba wako alikunywa chai yote. Akaondoka anaimba.

Nikasema nitafikiri. Nilifikiri Ijumaa yote. Na Jumamosi mchana, nyumba nzima iko macho, Mama Sikujua anasuka watoto wake barazani mwa jiko, wewe ukamwazima jembe ukaenda kwenye brauni.

Hakuna aliyekutuma. Nimeuliza. Mjomba wako hakukutuma, bibi yako hakukutuma. Mama Sikujua aliniambia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anaogopa: "Mama Mwanaidi, nilimwambia, mwanangu, acha, subiri mama yako aamke. Akanijibu hajalala, anasikia."

Ulijua nasikia.

Nimeligeuza neno hilo siku zote hizi, kama mtu anayetafuta upande wa kulishikia. Nilikuwa na hasira za kukupiga, na bado ninazo. Ukirudi jioni utaziona mikononi mwangu nikikupakulia. Ulikivunja kitu nilichokijenga kwa miguu yangu. Ulichimba mahali nilipokuvuta ukicheka. Na hukuacha hata kipande, ukapindua mpaka udongo mwekundu wa chini ukatokeza.

Lakini kuna jambo naliona sasa, na naliandika kwa shida. Mimi nilipoona aibu mbele ya watu, nilicheka nao. Wewe ulipoona aibu, ulichukua jembe. Ulifanya mchana, mbele ya wote, kwa mikono yako, ukijua ninayechimbiwa nasikia. Hukujificha nyuma ya mjomba wala hukungoja nitoke. Sijawahi katika maisha yangu kufanya jambo kwa uwazi kiasi hicho. Inaniuma kwamba jambo lenyewe lilikuwa dhidi yangu.

Kwa hiyo usiniombe radhi. Naona umekuwa ukizungukazunguka tangu jana kama unayetafuta pa kuanzia. Usianze. Bibi yako atakuambia uniombe msamaha kabla ya safari ili upate radhi ya mzazi. Radhi yangu unayo, haina uhusiano na jembe. Hasira yangu nayo unayo. Chukua zote mbili, sanduku lina nafasi. Ukiniomba radhi kwa kitu ulichokitaka kwa moyo wako wote, utakuwa umefanya nililofanya mimi kwenye ule mkutano, na watu wakishakuona umeinama mara moja hukaa wakingoja uiname tena. Mimi nitakuwa mmoja wao. Sijiamini.

Na mimi sikuombi radhi. Si kwa lori, si kwa brauni, wala kwa hili nitakalokuambia sasa.

Jana asubuhi uliniona nikivaa sketi ya kazi. Uliamka kabla yangu ukawasha mkaa, ukaipiga pasi blauzi yangu nyeupe, kola kwanza, kama nilivyokufundisha. Ukanisindikiza mpaka barazani. Ulikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni mwako tangu kabla ya msako, na nilikuachia furaha hiyo siku nzima kwa sababu nilitaka kuiona tena jioni. Huo ndio udhaifu wangu wa mwisho ndani ya nyumba hii.

Nilikwenda kweli kwa mjomba wako. Mashine ilikuwa imekwisha kufutwa vumbi, kiti kimewekewa mto. Makarani wake wote walikuwepo. Nikamwambia mbele yao, kwa sauti ya kawaida, kwamba kiti ampe mtu mwingine, na kwamba akiulizwa na mgambo aseme alidanganya. Dereva yule yule wa kule shirika, siku hizi anamwendesha kaka, alikuwa mlangoni. "Zena," akasema, "umekuja kutufagilia?" Nilimtazama mpaka akainama kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimedondoka.

Kutoka hapo nilikwenda stesheni ya treni ya Zambia nikakata tiketi. Klabu moja ya mji wa shaba inataka mwalimu wa wanawake, barua yao ilikuja kabla ya msako, nami nilikuwa nimeikalia kwa sababu yako. Nitafundisha, nitacheza, na nyasi za kule nitaziacha zilivyo. Chumba nimemrudishia Mzee Salehe. Kitanda amekinunua Mama Sikujua. Ndiyo sababu tangu jana ananisalimia. Pale ulipochimba amekwisha kupanda mchicha. Hautaota, mchanga ule una oili mpaka chini, ila sikumwambia.

Ukifunga shule, usije Mchikichi. Nenda Temeke kwa bibi yako, ameshajua na amelia na amekubali. Ukitaka kuja kwangu, andika, nitatuma nauli. Usipotaka, usiandike kwamba unataka.

Kesho tutatoka pamoja. Nitakupeleka stesheni yako kwanza, halafu niende yangu. Tutapita Msimbazi, kona ile ile, saa ambayo watu wote wako nje. Wewe utabeba mfuko wako wa daftari, mchukuzi atabeba sanduku, mimi nitabeba fimbo. Ukipenda kutembea kando yangu, tembea. Ukipenda upande wa pili wa barabara, nitakuona vizuri tu kutoka huku. Kanga ya marehemu mama yangu, niliyokuwa nikizifungia fimbo hizo tangu nikiwa mdogo kuliko wewe, usiitafute msumarini. Nimeifua, nimeikunja, nimekwisha kuiweka ndani ya sanduku lako, chini kabisa.

Mama yako,
Zena